Paketi za Njano Huisha Kwanza

Nilianza kazi ya maabara katika bonde la Kilombero mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati klorokwini ilikuwa bado dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara. Sisi wasomaji wa slaidi tulikuwa tunaiona inavyoshindwa. Kazi yenyewe ilitaka subira. Tone la damu linakaushwa kwenye kioo, linapakwa rangi ya Giemsa, kisha linasomwa kwa lenzi ya mara 100. Unahesabu vimelea mpaka chembe nyeupe za damu zifike 200, halafu unapiga hesabu kwa makadirio kwamba kila maikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Usipoona kimelea hata kimoja, huandiki "hakuna" mpaka uwe umepitia sehemu 100 za kioo. Niliipenda kazi ile kwa moyo wote.

Watoto walikunywa dawa yote na bado wakarudi na vimelea. Vipimo vya namna hiyo, kutoka pembe mbalimbali za nchi, vilionyesha klorokwini inashindwa kwa takribani nusu ya wagonjwa, na Agosti 2001 nafasi yake ikachukuliwa na SP, ile ambayo wengi waliijua kama Fansidar. Maabara tulishangilia. Kwenye mabenchi ya zahanati mambo yalikuwa mengine. Klorokwini iliwasha ngozi, lakini ilishusha homa upesi. SP huua vimelea bila kugusa homa yenyewe, kwa hiyo mama aliyeondoka bila panadol alikesha na mtoto anayechemka, na kulipokucha akaenda dukani kuulizia klorokwini. Wakubwa walisema akina mama hawaelewi. Mimi niliona wanaelewa vizuri kabisa: walikuwa wanapima dawa kwa kipimo walichonacho, kiganja kwenye paji la uso, na kipimo kile kilisema kweli. Katika fomu zetu za utafiti hapakuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo.

Nadhani nilianza kuiaga maabara wakati huo, ingawa niliendelea kuvaa koti jeupe miaka kadhaa.

Kisha ikaja dawa mseto, ALu, ambayo kufikia 2007 ilikuwa imefika kwenye zahanati zetu. Wenzangu walijadili artemisinin, asili ya kiambato chake kimoja. Mimi nilishika paketi. Kila kundi la uzito lilikuwa na rangi yake: njano kwa mtoto mdogo, vidonge 6 kwa siku 3, kijani kwa mtu mzima, vidonge 24. Ndani kulikuwa na michoro ya namna ya kumeza, asubuhi na jioni. Kuna mtu alikuwa amekaa mahali akamfikiria mama asiyejua kusoma, usiku, kwenye mwanga wa kibatari. Kazi ya mtu huyo niliitaka, bila kujua inaitwaje wala inasomewa wapi.

Nilipata kumsoma Don Norman, Mmarekani aliyesomea uhandisi wa umeme kabla ya kuhamia saikolojia. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Machi 1979, alikuwa miongoni mwa walioitwa kuchunguza kwa nini waendeshaji walikosea. Akarudi na hoja kwamba watu wale walikuwa na akili timamu, bali chumba cha kuongozea mitambo ndicho kilichopangwa kwa namna ya kuwakosesha. Mwaka 1993 alijiunga na Apple. Nilipofika hapo nikawakumbuka wale akina mama na SP yao, na sikuona tena kwamba ninachotaka kufanya ni kuikimbia sayansi.

Mwaka 2008 Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania, na muda si mrefu ungemwona muuza samaki kwenye kivuko cha Kilombero akituma pesa kwa kitochi, hatua kwa hatua, menyu baada ya menyu. Katika zahanati za ng'ambo ya mto ule ule, wauguzi walikuwa wanajaza vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, hadi jioni, taarifa zinafika wilayani zimechelewa, na dawa zinaisha bila bohari kujua. Niliacha maabara, nikaenda Dar es Salaam kujifunza kusanifu programu za simu.

Baba hakulipokea vizuri. "Mwanangu, serikali imekusomesha uhesabu wadudu wa malaria, leo unakwenda kuchora menyu?"

Nikamwambia, "Baba, wadudu tunawahesabu vizuri sana. Majibu ndiyo hayafiki."

Hakuridhika, wala sikumlaumu. Mshahara ulishuka, na kwa ndugu zangu cheo cha "mtafiti" kilikuwa na uzito ambao "msanifu wa bidhaa za kidijitali" hakina hata sasa.

Miaka ile ile, kati ya 2009 na 2010, mradi wa SMS for Life ulijaribiwa katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, kwenye vituo 129. Kila Alhamisi mhudumu alikumbushwa kwa ujumbe mfupi ahesabu dawa zilizobaki na kujibu bila gharama. Aliyejibu kwa wakati alipewa salio. Wiki ya kwanza, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria. Wiki ya 21 vilibaki 26. Hapakuwa na dawa mpya wala hadubini mpya. Sikuwa katika mradi huo, lakini takwimu zile nilizibeba kila mahali, hasa mbele ya watu waliodhani usanifu ni kuchagua rangi za vitufe.

Mimi niliingia katika timu nyingine ndogo iliyokuwa ikiunda mfumo wa taarifa za aina hiyo. Tulikuwa na herufi 160 kwa ujumbe, na simu zenye skrini ndogo mno. Kabla ya kuandika programu nilikata kadi za manila, kila kadi skrini moja, nikavuka nazo kivuko (daraja la pale lilikuja kuzinduliwa rasmi 2018) na kuwatembelea wauguzi. Wenzangu waliona napoteza wiki nzima. Mimi nilikuwa nafuata kanuni ya slaidi: huandiki "hakuna tatizo" kabla ya kupitia sehemu zote.

Katika zahanati moja nilimkuta nesi wa makamo. Nilimwamkia, nikampa kadi ya kwanza: "Andika idadi ya paketi za kijani." Aliitazama, akafungua kabati. Paketi za njano zilikuwa zimeisha, kama zinavyoisha kwanza kila mahali penye watoto wengi, na yeye alikuwa anakata za kijani kwa mkasi. Paketi moja ya mtu mzima inatoa dozi nne za mtoto mdogo. Kabatini kulikuwa na paketi nzima, nusu na robo.

"Sasa hizi nihesabu vipi, mwanangu?"

Maabara, kisichoingia kwenye safu huondolewa ili data ziwe safi. Pale mbele ya kabati lile nilijua kuwa robo paketi ndiyo data yenyewe: ndiyo inayoiambia wilaya kwamba njano imekwisha, na kwamba kijani kitaisha kabla ya wakati wake. Niliichana kadi, nikaandika nyingine: "Jumla ya vidonge vya ALu, hata vya paketi zilizokatwa." Chini yake nikaweka swali la pili: "Paketi za njano zipo? Ndiyo au hapana."

Nesi akahesabu, akajibu yote mawili bila kuniuliza kitu. Kisha akazipekua kadi zilizobaki mkononi mwangu.

"Na kwinini ya sindano je? Hiyo umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka. Nikamwomba mkasi.