Wachoraji vijana wa Lubumbashi

Wengi mmetuuliza habari za safari yetu ya Lubumbashi. Leo tuwaambie juu ya vijana wachoraji tuliowakuta kule.

Mji huo umezoea uchoraji tangu zamani. Mwaka 1946, ulipoitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka vijana waige Wazungu. Kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Bela alichora kwa vidole, bila brashi. Pilipili Mulongoy alijaza picha zake samaki na ndege. Mwenze Kibwanga alichora kwa mistari midogo midogo, utafikiri anasuka mkeka. Mwalimu wao alifariki mwaka 1954, lakini kazi haikufa. Baadaye walikuja wachoraji waliouza picha kwa familia za wafanyakazi. Nani kati yetu hajasikia juu ya mamba muntu aliyetundikwa sebuleni?

Vijana tuliowakuta ni wanne, wavulana watatu na binti mmoja. Wanalipa pamoja chumba cha kazi kule Kamalondo. Wanakula bukari na sombe kwenye sahani moja, wanaazimana rangi, wanagombana juu ya rangi nyeupe kwa sababu ndiyo inayoisha upesi. Mtu akiuza picha, feza ya kodi inatoka kwanza. (Kuna ndoa zisizo na mapatano mazuri hivyo!)

Binti yule ni mchumba wa mmoja wao. Anachora wanawake wanaoosha mawe ya shaba mtoni, migongo tu, bila nyuso. Wanunuzi wakiingia, wanamwuliza mchumba wake bei. Kijana anawajibu: «Mwulizeni mwenyewe.» Tulimpenda kwa neno hilo.

Sasa kijana ameitwa Kinshasa kwa kazi ya mwaka mmoja, peke yake. Wazazi wa binti wanataka mahari itolewe kwanza, naye hana kitu. Tulimwuliza binti kama atamzuia.

«Hapana, bamama. Aende. Lakini rangi tutagawanya, na mimi sitoki katika chumba hiki.»

Alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Tulichanga feza, tukanunua picha yake moja. Iko katika chumba chetu cha mikutano, njooni muione. Jina lake liko chini, upande wa kuume.