Mngurumo Hutangulia Meno



Wahenga walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali hiyo huturudia kila tusikiapo mtu akisema juu ya mbwa wa jirani, "Ameuma bila sababu." Hapa Sanga, kama kwingineko Kamina, mbwa ni mlinzi wa ua, mwenzi wa mwindaji, na mara nyingi rafiki wa watoto mchezoni. Lakini siku anapouma, hukumu yake ni moja: mawe na fimbo. Akishauawa, hatuulizi tena ni nini kilichomfikisha hapo. Naye mbwa anayemfuata hulelewa vilevile, akauma vilevile.

Katika ua wetu tumemlea mbwa jike kwa miaka kadhaa, na kwake tumejifunza kwamba mbwa husema kabla ya kuuma. Kwanza hugeuza kichwa, hulamba midomo, hupiga miayo ingawa hana usingizi. Akizidi kusumbuliwa, mwili hukakamaa, masikio hulala nyuma, na weupe wa jicho huonekana. Ndipo hunguruma na kufunua meno. Kuuma ni neno lake la mwisho, baada ya mengine yote kupuuzwa.

Alipozaa, alimngurumia mtoto wa dada yetu, mwenye miaka minne, aliyemfuata mpaka walipolala watoto wake. Mjomba aliinua fimbo ampige. Nkambo yetu akamshika mkono, akasema, "Mwanangu, mwondoe mtoto. Huyu ametuambia mapema." Tangu hapo mbwa alitengewa pembe nyuma ya jiko, na watoto wakakatazwa kufika huko. Hakumwuma mtu.

Neno lile la nkambo lina hekima kubwa. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hajifunzi kuwapenda watoto, hujifunza kunyamaza. Hofu inabaki, onyo linatoweka. Kesho atauma pasipo sauti, nasi tutashangaa.

Basi tutafute sababu. Mbwa mpole aanzaye kuuma huenda ana maumivu: tumwangalie kwa tahadhari kama ana kidonda, au kama sikio au jino linamsumbua. Wengine huuma wakilinda chakula, hivyo waachwe wale kwa amani. Yule afungwaye mnyororo mchana kutwa, huku wapita njia wakimrushia mawe, hana pa kukimbilia. Amebakiziwa meno tu. Wapo pia wanaoshauri mbwa atiliwe pilipili katika chakula ili awe mkali. Ukali wa namna hiyo ni mateso, na mateso hayamfundishi kumtofautisha mwizi na mtoto wa nyumbani.

Mtoto wa mbwa huuma kwa sababu nyingine: mchezo, na meno yanayoota. Meno yake ya utotoni ni 28, naye huyabadilisha akiwa na umri wa miezi 3 hadi 6 hivi. Kipimo cha taya zake hukipata kwa ndugu zake: akibana mno, mwenzake hulia na mchezo hukoma. Ndiyo maana si vema kumtenga na mama yake kabla ya majuma 8. Akija kwetu, tufuate kanuni ileile. Akibana mkono, mchezo ukome. Tusimame kimya, tumgeuzie mgongo, kisha turudi akiisha kutulia. Tumpe kitambaa kigumu chenye fundo atafune, wala tusimchezeshe kwa vidole vyetu. Kumpiga mdomoni humfundisha kuuogopa mkono, na mkono unaoogopwa ndio unaoumwa.

Lakini liko jambo lisilongoja mafunzo, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Dalili zikishaanza, karibu hakuna aponaye. Aliyeumwa aoshwe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Mbwa anayejulikana, ikiwezekana bila hatari, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima, maana yake hakuwa akiambukiza ugonjwa huo siku alipouma. Anayemwua kwa hasira papo hapo huenda akamnyima mganga jibu analolihitaji. Wala matibabu yasingoje siku hizo zipite.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ulimwengu hukumbuka vita dhidi ya kichaa cha mbwa. Inakubalika kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kikundi cha vijana chaweza kuhesabu mbwa wa mtaa wake na kumwuliza mganga wa mifugo lini chanjo itapatikana. Chaweza pia kuwafundisha wadogo mambo matatu: tusimsogelee mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, akinguruma, turudi nyuma polepole bila kukimbia, tukiumwa, tuseme siku hiyohiyo, hata kama tunaogopa kukaripiwa. Mtoto anayeficha jeraha kwa hofu ya fimbo yumo hatarini kuliko yule aliyeumwa akasema.