Ujiji: Boksi la madeni la mpiga picha

Msomaji wangu, ukifika Kigoma umefika mwisho wa reli. Mbele yako ni maji tu, na ng'ambo kule ni milima ya Kongo. Wiki hii nimeteremka hadi Ujiji, kama kilomita 8 hivi kutoka stesheni, kushinda na rafiki yangu mmoja anayekula kwa kamera. Jina namhifadhia, maana wadeni wake ni wengi na wengine wanasoma gazeti!

Asubuhi nilimkuta barazani kwake, kitambaa kimetundikwa ukutani, anapiga picha za pasipoti saizi. "Mzee, inua kidevu. Mama, usicheke." Saa nne alikuwa kwenye mahafali ya shule. Saa saba mtu alimwita apige picha ya mtumbwi anaotaka kuuza. Jioni harusi. Hana bosi, hana mshahara, na likizo yake ni siku simu isipolia.

Kalenda yake nayo ni kichekesho, kwani anafuata mwezi kama mvuvi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Basi siku hizo vijana wako nchi kavu, wameoga, wamevaa mashati mapya, na fedha za giza lililopita bado ziko mfukoni. Hapo ndipo wanakumbuka picha. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, mfuko wake nao ulifungwa. "Mvuvi asipovua, nani ataoa?" aliniuliza.

Harusi za Ujiji zina masharti yake. Mwezi wa Shaaban zinafuatana mfululizo, Ramadhani ikiingia kimya. Halafu ukumbi wa akina mama mwanamume haingii, hata awe na kamera ya dhahabu. Kwa hiyo amemfundisha dada yake, naye ndiye anayeingia ndani. Tena picha za ndani bwana hazionyeshwi ovyo, wanakabidhiwa wenyewe tu. Akivunja amana hiyo mara moja, mji mzima utamfungia milango.

Kabla jua halijazama, maharusi walipelekwa kwenye ukumbusho wa Livingstone, chini ya miembe. Mpiga picha akahangaika: kanzu nyeupe inang'aa, nyuso zimeingia kivulini. Akawageuza mara tatu mpaka akaridhika. Hapa Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ile picha yao unayoiona vitabuni, wakisalimiana kwa kofia, ni ya kuchorwa. "Ningekuwepo," akasema, "ningewadai nusu mbele!"

Tukacheka. Lakini nikawaza, wageni wakubwa walipata wa kuwachora. Mvuvi wa hapa nani atamchora?

Usiku, tukinywa chai, akanionyesha boksi chini ya kitanda. Picha ambazo wenyewe hawakuzifuata. Mtu anapiga pozi, anaahidi kulipa Ijumaa, Ijumaa haifiki. Simu nazo zimemzidishia shida, kila mtu siku hizi ni mpiga picha. Aliwahi kupanga kulichoma boksi lote, maana karatasi ni fedha yake imelala pale.

Siku moja akaja mama mmoja, kajifunga kaniki. Mwanawe alikuwa amezama ziwani na dhoruba, simu yake imekwenda naye, na picha zote zilizokuwa ndani. Nyumbani hapakubaki hata moja. Alikumbuka kijana aliwahi kusema amepiga picha lakini hajamaliza kulipa.

Wakapekua boksi wote wawili. Ikapatikana: kijana kasimama na shati la bluu, mkono kiunoni, anajidai.

Mama hakulia kwanza. Alifungua pindo la khanga, akatoa hela. "Mwanangu, pokea. Sitaki alale na deni."

"Mama, nimeshasamehe, duniani na akhera."

"Sema tena, nisikie."

Akasema tena. Hapo ndipo mama alipolia. Kesho yake alirudi na dagaa wakavu fungu zima, akaliweka barazani na kuondoka bila neno.

Rafiki yangu hachomi tena picha. Mke wake analalamika, boksi limekuwa mawili. Mteja asiyelipa bado anamtukana vizuri sana, lakini picha yake anaiandika jina nyuma na kuihifadhi.

Basi nawe msomaji, kama una picha imelala kwa mpiga picha wa mtaani kwako, kaichukue leo. Na umlipe!