Shamba Halikuchoka

Mavuno yakipungua mwaka hata mwaka, watu wa nyanda za juu husema kwamba shamba limechoka. Neno hilo lina kweli yake, kwani udongo ulimwao siku zote pasipo samadi hupungukiwa na nguvu. Walakini nimeona mashamba mengi yasemwayo kuwa yamechoka, na ukiyachimba wakuta yana nguvu ya kutosha, ila nguvu yenyewe inaliwa na mwingine. Mlaji huyo ni sangari. Mbolea anunuayo mwenye shamba, sangari huila kwanza, na mahindi hupata makombo.

Jambo hili lilitufika sisi wenyewe. Mama yangu ana nusu eka ya mahindi na maharagwe kwenye mteremko, chini ya kahawa, upande wa Othaya katika Nyeri. Kwa misimu minne mfululizo mahindi yake yalifika magotini, kisha yakageuka manjano na kusimama papo hapo. Kaka yangu mkubwa aliita mkutano wa jamaa, akashauri sehemu ile ipandwe mikaratusi, kwa kuwa nguzo na kuni zina bei nzuri na mti ukishakua haupaliliwi. Shauri lake halikuwa la kijinga. Wengi wetu twafanya kazi mbali, wala hatushiki jembe ila siku za likizo. Mama alinyamaza mpaka wote walipokwisha kusema, ndipo akauliza, "Wanangu, miti hiyo nitaipika katika sufuria gani?" Nikaomba tupewe mwaka mmoja kabla ya kutiwa mche wowote katika shamba lile.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumtambua adui. Sangari ni nyasi fupi, yenye majani membamba laini ya kijani hafifu, na mtu apitaye njiani hawezi kuidhania ubaya. Ubaya wake umo chini. Nilichimba shimo la sentimita 30 kila upande, nikauvunja udongo kwa vidole, nikapata kamba nyeupe zilizofungamana kama uzi wa mshonaji uliochezewa na watoto. Sisi huziita mizizi, lakini kwa kweli ni mashina yatambaayo chini ya ardhi. Yana vifundo kama vya muwa, na katika kila kifundo mna jicho. Kipande chenye kifundo kimoja tu chaweza kuchipua na kuwa mmea kamili. Ikichanua, suke lake lina vidole vyembamba kadha, navyo vimeshikana na ubua mahali mbalimbali, kimoja juu ya kingine. Alama hiyo yafaa kukumbukwa, kwa sababu iko nyasi nyingine itambaayo, ile ionekanayo sana katika viwanja vya mpira, ambayo vidole vyake vyote hutoka mahali pamoja kama vya mkono, nayo hutambaa juu ya ardhi pia.

Kutambua si jambo la wataalamu pekee. Zamani nilipokuwa nikifanya kazi Taveta, penye joto na mifereji ya maji, karani mwenzangu aliyetoka bara alikuwa akipigana na gugu bustanini mwake, akiliita sangari na kulipiga jembe kila Jumamosi. Lilikuwa ndago. Ndago si nyasi hasa. Ukivingirisha shina lake katika vidole utasikia pembe tatu, na suke lake lina rangi ya kahawia iliyoingia wekundu. Chini yake mna viazi vidogo vyeusi, ukubwa wa karanga, vilivyoungana kama shanga. Maadamu uzi wa shanga hizo haujakatika, kiazi cha juu huchipua na vingine aghalabu hulala. Jembe likiukata, vilivyolala huamka. Basi ndago hushindwa kwa kukatwa kila baada ya wiki mbili bila kukosa, kabla haijapata muda wa kufanya viazi vipya, mpaka akiba yake iishe, na kwa kunyimwa jua. Mwaka 1977 Leroy Holm na wenzake, katika kitabu chao juu ya magugu mabaya kabisa ya dunia, waliitaja ya kwanza, yenye kusumbua mazao 52 katika nchi 92. Mwenzangu hakupaswa kuona haya kwa kushindwa nayo.

Tukirudi Othaya, sangari yataka vita vya namna nyingine. Jembe la kawaida ni rafiki yake, kwa maana hukata kamba moja kuwa vipande kumi, na kila kipande huota mvua inyeshapo. Plau la diski likivutwa na trekta wakati wa unyevu hufanya vivyo hivyo kwa haraka zaidi, na hubeba vipande hata penye udongo safi. Kifaacho ni jembe la meno, ambalo wengi huliita foki, nalo litumiwe Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu. Liingie chini kabisa, donge zima liinuliwe, likung'utwe, na kamba zivutwe nje zikiwa ndefu kadiri iwezekanavyo. Zikilala juani siku nyingi hufa. Zikitupwa katika shimo la mboji hazifi upesi, bali hungoja zirudishwe shambani pamoja na samadi.

Hapo tulipata tatizo la vibarua. Desturi ya kwetu ni kulipa kwa kipande, yaani hatua kadha kwa siku, na mtu alipwaye kwa hatua hawezi kulaumiwa akikwaruza juu na kuendelea mbele. Kwa hiyo nilipanga kulipa kwa gunia la kamba zilizokung'utwa. Kazi ilibadilika siku ileile. Wakachimba kwa bidii kama watafutao dhahabu. Siku ya tatu kijana mmoja, alipoona sehemu yake imekwisha, aliruka mpaka akajaza gunia kutoka malishoni mwa jirani.

Mzee mwenye malisho alikuja jioni, fimbo mkononi, amekasirika kwa haki. Kwake sangari si gugu. Ng'ombe wake wawili huila, na mizizi yake huushika udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua hata mtoni. Mama alimpa kiti na chai, akamwambia, "Baba, nyasi yako inalisha ng'ombe wako na kuwanyima wajukuu wangu chakula." Nilifikiri ugomvi utaanza, na mipaka ya mashamba imetenga majirani wengi tangu mashamba ya kwetu yalipokusanywa na kupimwa miaka ya 1950. Lakini Mzee alicheka. Walipatana kwamba sisi tuchimbe mtaro mpakani, upande wetu, na kamba zote tuzitoazo zipelekwe kwa ng'ombe wake. Magunia 31 yalikwenda huko msimu ule.

Kuchimba peke yake hakutoshi, kwani vipande hubaki. Baada ya mvua kuanza mama alipanda viazi vitamu katika sehemu yote iliyochimbwa, matuta karibu karibu, ili majani yafunike ardhi upesi. Sangari haipendi kivuli. Kila ncha iliyotokeza kati ya majani aliifuata kwa mkono mpaka mwisho wake, wala hakuikata. Kazi hiyo mimi sikuifanya; niliporudi likizo niliikuta imekwisha, na yafaa niseme hivyo, kwani wanaume wa kalamu twapenda kusimulia kilimo cha mama zetu kama chetu.

Wengine wataniuliza juu ya dawa ya glifosati, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1974. Tuliitumia katika ukanda mmoja tu wenye mawe, usiochimbika. Dawa hii huingia kwa majani na kuteremka hadi mashina ya chini, kwa hiyo nyasi iwe mbichi na yenye kukua. Ukinyunyiza wakati wa kiangazi, au mara tu baada ya kufyeka, umemwaga fedha. Tena maji yawe safi, kwa sababu udongo huishika dawa na kuiondolea nguvu. Wako watu watekao maji ya matope mtoni, kisha humlaumu mwenye duka kwamba amewauzia dawa ya uongo. Ikigusa mahindi au majani ya kahawa, huyaua vilevile. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini huleta saratani, ingawa wakaguzi wa nchi kadha hawakukubaliana nalo. Mama alikataa isifike karibu na maharagwe yake, nami sikubishana.

Msimu uliofuata sehemu ya juu ilipandwa mahindi kwa samadi ileile ya zamani, bila mbolea ya dukani. Kabla ya hapo nusu eka nzima ilikuwa ikitoa magunia mawili. Sasa theluthi mbili zake zilitoa manne na nusu. Theluthi ya chini, iliyo karibu na mtaro, ingali na sangari, na yangoja kiangazi cha Januari. Mikaratusi kaka yangu ameipanda ng'ambo ya barabara, penye changarawe, nayo inaendelea vizuri.