Gamba la Kitabu cha Hisa

Jumatatu, 15 Aprili 2024. Tanga

Mvua tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kikoba cha wachuuzi wa samaki amefika dukani moja kwa moja kutoka sokoni Deep Sea, kanga imelowa hadi magotini. Wanachama 25, wanataka vijitabu 28 vya hisa, vitatu viwe vya akiba. Alifungua fundo la kanga akanitolea cha mwaka jana. Pini za stepla zimeota kutu, kutu imeila karatasi, kurasa za kati zimechomoka. Mihuri ya miezi miwili imebaki madoa ya bluu.

“Mwanangu, hii ndiyo benki yangu,” akasema. “Niwekee gamba jekundu, linalong’aa, lisiloingiza maji.”

Muhuri mmoja ni hisa moja, na kwa kikao kimoja mtu hanunui zaidi ya tano. Miezi miwili ni vikao vingapi! Alilipwa kwa kukumbukwa na wenzake. Nimeshika kile kijitabu jioni nzima.

Alhamisi, 18 Aprili

Hesabu ya ndani ni nyepesi. Kurasa 32 za A6, yaani nusukaratasi nane zilizokunjwa. Vijitabu 28 vinakula A4 112. Kazi iko kwenye jalada.

Nimeanza na alichokitaka: kadi nene nyekundu iliyopigwa plastiki upande wa nje. Inapendeza kweli. Nikakiacha kijitabu cha majaribio usiku mmoja juu ya taulo lililoloweshwa maji ya chumvi, asubuhi jalada limejikunja kama gome la mti. Upande wa karatasi umekunywa unyevu ukatanuka, upande wa plastiki haukutanuka. Na pale nilipokata kwa kisu, ukingoni, maji yamepata mlango. Nimekasirika, maana miaka yote nimekuwa nikiwauzia watu jalada hili kwa kulisifu kuwa haliingii maji.

Jumamosi, 20 Aprili

Kijana wangu wa dukani anashauri spairo na plastiki mbele na nyuma. Kwa ripoti za wanafunzi, sawa. Kitabu cha hisa ambacho ukurasa wake unaweza kuchomolewa na mwingine kupachikwa ni ugomvi unaosubiri siku yake. Hapana.

Jumanne, 23 Aprili

Nimerudi kwa mambo ya baba. Manila nzito, juu yake kitambaa cha marekani, gundi ya unga wa ngano iliyopikwa na shabu kidogo ili wadudu wasiipende. Kwanza nikaijaribu manila mkononi kama alivyonifunza: ipinde huku, ipinde na huku, upande inaokubali bila ubishi ndiko nyuzi zake zinakolala, na nyuzi hizo lazima zifuate mgongo wa kitabu. Ukizikata kinyume, jalada linapasuka kwenye mkunjo na halilali chini kamwe.

Baba alijalidi misahafu na juzuu za madrasa. Neno alilolitumia lilikuwa hilo, kujalidi, na alipenda kutuambia kwamba asili yake ni ngozi, kwa Kiarabu. Watoto wake tulilijua zaidi kwa ndugu yake, mjeledi. Msharasi wake bado ninao, mpini umechimbika alipokuwa akiweka kidole gumba.

Nimemaliza majalada sita. Mikono inanukia uji, na nyumba nzima inanukia utoto wangu.

Jumamosi, 27 Aprili

Yote sita yameota ukungu. Siku nne hayajakauka. Baba kazi hii aliifanya wakati wa kaskazi, masika alikuwa akishona tu. Nilikuwapo, nikaona, na nimesahau.

Jumamosi, 4 Mei

Redio haina habari nyingine ila Kimbunga Hidaya, na Mafia ndiyo iliyo mbele yake. Sijafungua duka. Nimewaombea walioko baharini, kisha nikashusha sanduku la baba kutoka juu ya kabati.

Juzuu yake ya mwisho imo, ngozi ya mbuzi imebadilika rangi kuwa ya tende. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi. Jalada la nyuma lina ulimi: unazunguka ukingo wa kurasa na kuingia chini ya jalada la mbele. Si ubunifu wa baba, misahafu mingi ya kale ya Waislamu ilifunikwa hivyo. Kingo za kurasa zake bado ni nyeupe! Wiki tatu nahangaika na sura ya jalada, na maji ya Deep Sea hayapiti usoni pa kijitabu, yanapita ubavuni, pale kidole chenye maji ya samaki kinapoingia kufungua.

Jumanne, 7 Mei

Fundi wa siti za bodaboda amenipa mabaki ya reksini, karibu bure. Yapo mekundu, ya kahawia, na meusi tele. Reksini haihitaji gundi wala kukauka: kata, toboa, shona.

Nimekata jalada la kwanza kwa kufuatisha juzuu ya baba, na ulimi ukaangukia jalada la mbele. Juzuu inafunguliwa kutoka kulia, kijitabu cha hisa kutoka kushoto. Nikageuza kipimo: mbele milimita 107, mgongo 3, nyuma 107, ubavu 3, ulimi 50.

Jumamosi, 11 Mei

Mashimo matano mgongoni, uzi wa kushonea nyavu. Hauozi, ila uzi mwembamba unaikata karatasi kama waya, hivyo nimechukua mnene na kuweka utepe wa kitambaa katikati ya mkunjo. Fundo langu lilikuwa likifyatuka kila mara hadi mvuvi aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho akanionyesha fundo la nyavu. “Nailoni haitaki haraka,” alisema. Baada ya hapo halijafyatuka hata moja.

Nimekimwagia kijitabu kikombe cha maji kikiwa kimefungwa. Nikakifuta, nikakifungua: kikavu.

Jumamosi, 18 Mei

Nimevipeleka mwenyewe. Sanduku lao la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, nililipima kabla, vijitabu vyote vinaingia vikiwa vimelala safu mbili. Wino haushiki kwenye reksini, kwa hiyo namba ziko ndani. Bibi mmoja asiyejua kusoma aliuliza atakitambuaje chake. Mwenyekiti akachomoa ushanga wa kijani mkononi mwake, akaufunga kwenye ncha ya uzi niliyoiacha ndefu mgongoni. Wengine wakafanya vivyo hivyo: kifungo, ganda la simbi, kipande cha kanga. Sikutarajia kwamba ningesimama pale nikitazama hadi mwisho.

Wekundu umewatosha watu tisa tu. Mwenyekiti kachukua cheusi.

Jumamosi, 8 Juni

Mwenyekiti amerudi na kijitabu kimoja. Mwenye kijitabu alikifunga mikono ikiwa bado na maji, kikakaa sandukuni wiki nzima. Reksini haipumui: maji hayaingii, na yakiisha kuingia hayatoki. Muhuri mmoja umesambaa, nao unasomeka.

“Usihuzunike, mwanangu. Mwaka jana mwezi huu nilikuwa sina kitu cha kusoma.”

Nimempa kitambaa cha kukaushia mikono kiwe kinakaa pamoja na mihuri. Kingine cha kujaribu ni maradufu iliyopakwa nta, ambayo huzuia matone na bado hupitisha hewa. Kesho nakwenda kwa fundi wa matanga kumwomba kipande kilichochakaa, kile ambacho bahari imekwisha kukijaribu.