Mzigo wa Paani: Kutoka Muthurwa hadi Mombasa

Atakaye kujua namna binadamu anavyosafiri na vitu vyake, na asimame asubuhi kando ya Barabara ya Landhies, pale Muthurwa jijini Nairobi. Mikokoteni hupita ikiwa imesheheni viazi na vitunguu hata msukumaji asionekane. Wachukuzi hupishana na magunia mabegani. Matatu huingia na kutoka katika kituo kilichoungana na soko. Mtaa wenyewe ni mtoto wa usafiri, kwani nyumba zake za kale zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Sisi watu wa mwambao, basi, hatuingii Muthurwa kama wageni kabisa. Njia iliyouzaa mtaa huo ilianzia kwetu.

Tulifika hapo wiki mbili kabla ya Idi, tukitafuta chombo cha kubebea mizigo juu ya gari. Tulikuwa watu saba, watu wazima watatu na watoto wanne, na gari letu ni la viti saba. Mwenye gari la namna hiyo ajua kwamba viti vya nyuma vikikaliwa, buti hubakiwa na nafasi ya mikoba miwili mitatu tu. Mbele yetu palikuwa na safari ya karibu kilomita 480, na jamaa waliokuwa wakitungoja Mombasa, ambao hatukuweza kuwafikia mikono mitupu.

Siku moja ya kuzunguka ilitupa njia tatu. Ya kwanza ni keria ya vyuma iliyo wazi, mizigo ikafunikwa turubai na kukazwa kwa kamba. Ni rahisi kwa bei, na hupokea vitu vya kila umbo. Lakini turubai likipata mwanya mdogo upepo hulipasua, mvua huingia, na kila mahali pa kusimama pahitaji mtu wa kubaki akilinda. Ya pili tuliiona ng'ambo ya barabara, kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao nyundo zao husikika kabla hawajaonekana. Hao ndio wanaotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na mmoja wao alikuwa tayari kutuundia sanduku refu lenye bawaba na kufuli. Ya tatu ilikuwa sanduku la plastiki ngumu lililokwisha kutumika, tulilolipata Barabara ya Kirinyaga, eneo la vipuri ambalo wengi wangali wakiliita Grogan.

Moyo ulitupeleka kwa fundi wa bati, kwa kuwa kazi yake ni imara na fedha hubaki kwa mtu wa hapa nyumbani. Hesabu ndiyo iliyotuzuia. Kijitabu cha gari letu kinaruhusu kilo 75 juu ya paa, na uzito huo hujumlisha vyuma vya keria na sanduku lenyewe, jambo ambalo wasafiri wengi hulisahau. Vyuma vilikuwa kilo 5. Sanduku la bati, kwa makadirio ya fundi mwenyewe, lingefika kilo 42, likatuachia kilo 28 za mizigo. La plastiki lilikuwa kilo 17, likatuachia 53. Fundi alisikiliza, akacheka, akasema kuwa bati halijui kujikondesha. Tulinunua kwake sufuria nne za zawadi.

Mabishano yaliyokuwa mazito zaidi yalihusu gunia la viazi. Mama mkubwa alikuwa amemwahidi dada yake wa Mombasa viazi vya bara, na kwake ahadi ni deni. Gunia hilo peke yake lilikuwa na kilo 50. Wako waliosema kuwa paa ni chuma, halitavunjika. Lakini kuvunjika kwa paa siyo hofu iliyo kubwa. Uzito unapokaa juu, gari huyumba katika kona na huchelewa kusimama. Na kati ya Mtito Andei na Voi, ambako barabara hupita baina ya mbuga mbili za Tsavo, upepo wa uwandani na ule wa malori yanayopishana nasi hulisukuma gari ubavuni. Chini ya mzigo huo wangeketi watoto wanne. Na ungechopoka, ungemwangukia anayetufuata. Tumefunzwa kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Vipi basi sisi tuwe wa kukitupa hapo?

Mama mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akauliza nauli ya gunia kwa basi. Gunia likatangulia kama kifurushi, na ahadi ikatimia kabla yetu.

Sandukuni tukatia vilivyo vyepesi na vyenye kujaza nafasi: nguo, mablanketi, mito, na majani ya chai. Sufuria, maji na vyakula vilikaa chini ndani ya gari, karibu na sakafu. Kabla ya kulifunga sanduku tulihakikisha kuwa mlango wa buti wafunguka bila kuligusa. Tulipofika Mto wa Mawe tulisimama kukaza nati tena, kwani vyuma hulegea katika kilomita za mwanzo.

Baada ya Voi na Maungu tuliswali Mackinnon Road, katika msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa mfanyakazi wa reli hiyo. Husimuliwa na watu kuwa karai alilobebea mizigo lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Watoto walitoka nje wakalitazama paa la gari letu kwa makini. Letu lilikuwa limegusa, tena kwa kilo zote 75.

Idi ilipokwisha tuliliteremsha sanduku, kwa kuwa likibaki juu tupu hukamata upepo na kuongeza matumizi ya petroli. Familia tatu za mtaani kwetu zimekubaliana kuchangia gharama na kulitumia kwa zamu. Atakayelihitaji likizo ya Desemba anakaribishwa. Ila kwanza afungue kijitabu cha gari lake, asome kilo zilizoruhusiwa, ndipo aanze kuahidi zawadi.