Shule ya Jazz katika Vilima vya Berkshire

Mtu akitoka mji wa Boston, katika Marekani, akashika njia ya magharibi kwa kilomita 200 na zaidi kidogo, afika katika vilima vya Berkshire. Si milima mirefu. Aliyeiona Ruwenzori atavicheka. Lakini vina misitu na ziwa dogo liitwalo Stockbridge Bowl, na majira ya joto watu wa mijini hukimbilia huko kutafuta upepo. Huko ndiko iliko bustani ya Tanglewood, ambamo orkestra kubwa ya Boston ilianza kupiga muziki wake mwaka 1937.

Mwendo mfupi kutoka Tanglewood, mwaka 1950, Philip Barber na mkewe Stephanie walinunua mazizi na maghala ya shamba la matajiri liitwalo Wheatleigh, wakayageuza kuwa nyumba ya wageni. Waliiita Music Inn. Weusi na Weupe walilala humo na kula meza moja. Wakati ule hoteli nyingi za Marekani zilimfungia Mweusi mlango, hata kama jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya jumba atakamopiga tarumbeta usiku uleule.

Hapo ndipo ilipofunguliwa, mwaka 1957, Shule ya Jazz ya Lenox. Masomo yalikuwa majuma matatu tu, mwezi wa Agosti. Mkuu wake alikuwa John Lewis, mpiga piano, mtu mpole mwenye adabu nyingi. Walimu walikuwa mafundi wenyewe: Dizzy Gillespie wa tarumbeta, Max Roach wa ngoma, Oscar Peterson wa piano. Fikirini, wasomaji wapenzi: kijana wa miaka 20 aamka asubuhi, na mwalimu wake ndiye yule aliyemsikia katika sahani za santuri tangu utoto!

Walakini kulikuwa na swali gumu. Jazz haikuzaliwa shuleni. Ilizaliwa New Orleans, mji ambao watumwa walikusanyika siku za Jumapili kupiga ngoma na kucheza katika uwanja ambao hata leo waitwa Congo Square, kwa jina la nchi yetu. Vijana waliipokea kwa masikio, usiku, wakisimama karibu na wakubwa. Je, muziki wa namna hiyo ukitiwa darasani, hautakauka kama samaki juani? Wengi waliogopa hivyo, wala sidhani walikuwa wapumbavu.

Jibu la Lenox lilikuwa katika kazi ya kila siku. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kikundi na fundi wake, wakapiga pamoja. Kisha palikuwa na mafundisho ya kutunga, na ya historia, aliyoyatoa Marshall Stearns, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kufundisha maandiko ya Kiingereza cha kale. Mwishoni wanafunzi walipiga mbele ya watu, pamoja na nyimbo walizozitunga wenyewe.

Fundisho moja litawapendeza waliosoma seminari. George Russell, alipolazwa hospitali kwa kifua kikuu, aliwaza sana juu ya ngazi za sauti, akatoa kitabu mwaka 1953. Alisema kwamba ngazi iliyo msingi ni ile inayoanza kwa fa na kupanda mpaka fa ya juu, bila kuishusha si. Lo! Hiyo si nyingine ila ngazi ya Lidia, ambayo sisi twaijua katika nyimbo za Gregoriana za namna ya tano. Basi mtungaji wa jazz na mmonaki wa kale walichota katika kisima kimoja.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1959. Alifika Ornette Coleman, mtu wa Fort Worth, Texas, mwenye saksofoni nyeupe ya plastiki, pamoja na rafikiye Don Cherry. Desturi ya jazz ni hii: wimbo una mfuatano wa sauti zilizofungamana, tuseme wa vipimo 12, unaozunguka tena na tena, na mpigaji hubuni juu yake bila kuuvunja. Coleman aliuacha mfuatano huo. Alifuata wimbo wenyewe popote ulipompeleka, na wenzake walipaswa kumsikiliza na kumfuata. Walimu waligawanyika. Wengine waliona ni fujo. John Lewis na Gunther Schuller walisema huyu amefungua mlango. Mimi, nikisikiliza sahani zake, nasikia kilio cha mtu mmoja kuliko fujo. Lakini sikio langu lahitaji saburi kwanza.

Novemba ya mwaka uleule Coleman alipiga New York, na wanamuziki walibishana juu yake usiku kucha. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Pulitzer. Mwanafunzi mwenzake wa Lenox, David Baker, aliongoza kwa miaka mingi masomo ya jazz katika Chuo Kikuu cha Indiana.

Shule yenyewe haikudumu. Fedha zilipungua siku zote, na baada ya Agosti 1960 haikufunguliwa tena. Miezi mitatu tu baadaye, Novemba, Louis Armstrong alikuwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akiwapigia watu wetu tarumbeta yake.